Semina ya biashara na uongozi isiyoishia ukumbini: mwongozo kamili kwa mwandaaji wa Lubumbashi

Ukiingia sebule nyingi za hapa kwetu Lubumbashi, ukutani karibu na picha ya harusi utakuta breve (cheti) ya semina: ujasiriamali, uongozi, usimamizi wa fedha. Karatasi imepambwa, ina mihuri miwili na sahihi tatu. Kisha mwombe mwenyewe akuonyeshe kaye (daftari) ya biashara yake. Mara nyingi zimeandikwa kurasa tatu nne za mwanzo, zilizobaki ni nyeupe, au mtoto amefanyia mazoezi ya shule. Mtu huyo si mvivu. Alikaa ukumbini siku tatu, akasikiliza, akaandika. Semina ndiyo iliyomwacha mlangoni.

Nimeandaa semina za aina hii kwa wauzaji wa soko, kwa wenye depo (maduka ya jumla), na kwa mashefu wa ekipe (wasimamizi wa vikundi vya kazi) katika kampuni ndogo zinazohudumia migodi. Siku za ukumbini ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi yenyewe iko wiki mbili kabla na miezi mitatu baadaye, na ndivyo nilivyoupanga mwongozo huu. Namwandikia katibu wa chama cha wauzaji, mama anayeongoza likelemba (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu), mwenye kampuni ya watu kumi na watano, kiongozi wa kikundi cha kanisa: yeyote aliyeambiwa na wenzake, "tuandalie formasyo," akabaki anajiuliza aanzie wapi.

Anza kwenye meza zao, wiki mbili kabla

Usitengeneze programu ukiwa nyumbani. Chukua watu sita au saba kati ya wale unaotaka kuwaalika, kaa na kila mmoja saa moja mahali anapofanyia kazi. Uliza machache, tazama mengi. Tazama fedha inapoingia inakwenda wapi. Kwa mama muuza unga utaona ncha ya kitenge imefungwa fundo kiunoni: noti ya mteja inaingia pale, na dakika kumi baadaye fedha ya mkate wa mtoto inatoka palepale. Kwa mwenye depo utaona kasha lina ufunguo, lakini ufunguo uko kwa watu watatu. Kwa shefu wa ekipe, fika asubuhi wakati anagawa kazi, hesabu ni wafanyakazi wangapi wanarudi kumuuliza tena kile alichokwisha kusema.

Uliza kila mmoja maswali haya matatu, maneno yaleyale, uandike majibu: Jana ulipata faida kiasi gani? Umejuaje? Ni jambo gani kazini limekunyima usingizi mwezi huu? Majibu ya swali la pili ndiyo yatakayokupa mada. Majibu ya la tatu yatakupa mifano, na mifano ya kwao ina nguvu kuliko ya kwenye vitabu.

Kata mada hadi zibaki mbili

Hapa ndipo waandaaji wengi wanapoharibu. Wanataka siku tatu zibebe masoko, uhasibu, kodi, uongozi, mpango wa biashara, hata kuzungumza mbele ya watu. Mshiriki anatoka amejaa maneno, na Jumatatu hajui aanze na lipi.

Kuna majaribio mawili ambayo kila mwandaaji angefaa kuyajua. La kwanza lilifanyika katika Jamhuri ya Dominika, kwa wateja wa benki moja ya mikopo midogo. Wengine walifundishwa uhasibu kwa utaratibu wake wote, wengine walipewa kanuni nyepesi tu: fedha ya biashara iwe droo moja, ya nyumba droo nyingine, na anayehamisha kutoka hii kwenda ile aandike karatasi ya deni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliopewa kanuni nyepesi ndio walioboresha utunzaji wa hesabu zao. Kwa wenzao waliofundishwa uhasibu wote hakukuonekana badiliko la kutegemewa.

La pili liko karibu zaidi na sisi. Mjini Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara. La pili lilifundishwa kujituma: kutangulia kabla shida haijafika, kutafuta bidhaa isiyouzwa na jirani, kuvumilia pingamizi. La tatu halikufundishwa chochote. Matokeo yalitoka mwaka 2017: faida ya waliofundishwa kujituma ilipanda kwa asilimia 30 ukilinganisha na wale wasiofundishwa. Waliopata mafunzo ya kawaida walipanda kwa asilimia 11, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haikuthibitika. Na jambo ambalo watu hulipita haraka: makundi yote mawili yalifundishwa kwa vipindi vya nusu siku kwa wiki nne, kisha mkufunzi akawatembelea kazini, mara moja kila mwezi kwa miezi minne.

Kwa hiyo chagua mada moja ya fedha na moja ya watu. Mimi huchagua kutenga fedha ya biashara na ya nyumba, na kutoa agizo au kusahihisha kosa bila kuvunja mtu. Mengine yangojee semina ijayo.

Watu, siku na ukumbi

Watu 16 hadi 20 wanatosha. Wakizidi hapo, wapole hawatasema neno. Usimweke mwajiri na mfanyakazi wake chumba kimoja. Mfanyakazi atatabasamu siku nzima na hutajifunza lolote kutoka kwake.

Usiwatoe wauzaji mezani siku tatu mfululizo. Bidhaa zitaoza au mteja atahamia kwa jirani. Panga nusu siku nne, moja kila wiki, ili wajaribu kilichofundishwa kabla ya kurudi. Saa ziulize kwao wenyewe: mwenye depo anauza sana asubuhi wauzaji wa rejareja wanapokuja kujaza, muuza mboga anauza jioni watu wakitoka kazini. Jumamosi itawaumiza Waadventista, nao ni wengi mjini kwetu. Septemba mifuko yote imekwenda kwenye minervale (ada ya shule) ya watoto, usidai ada mwezi huo. Kuanzia Mei hadi Agosti ni wakati mzuri, kwa sababu nyingine pia ambayo mgeni hawezi kuifikiria: mvua ya Januari ikipiga kwenye bati la ukumbi, hakuna anayesikia kitu, mnakaa kimya nusu saa mnaangaliana.

Kuhusu umeme, usiutegemee. Andaa kila kipindi kama vile hakuna taa wala projekta: karatasi kubwa, kalamu nene, tablo (ubao). Umeme ukiwepo, shukuru.

Fedha ya semina, na maneno magumu kuhusu perdiemu (posho ya siku)

Miaka ya miradi imewazoesha watu kulipwa ili wafundishwe. Simlaumu mtu, mama aliyefunga meza amepoteza mapato ya siku. Lakini anayekuja kwa ajili ya bahasha atauliza saa ya bahasha. Nasema mapema, kwenye mwaliko wenyewe: hakuna perdiemu, kuna chakula cha mchana, na nauli ya anayetoka mbali kama Kasapa au Ruashi itarudishwa kwa kiasi kilichotajwa. Kila mshiriki anachangia kitu, hata dola 5, na anapata kaye ngumu yenye mistari iliyokwisha pigwa. Asiye na uwezo achangie kwa kazi: kupanga viti, kupika, kuandika majina.

Bajeti iandike kwa mpangilio huu: mwezeshaji, ziara za baadaye, chakula, ukumbi, karatasi. Ziara zinakuja ya pili kwa makusudi. Ukiziweka mwisho, fedha itakuwa imekwisha, na semina itakuwa imekufa siku ile ya picha ya pamoja.

Nani afundishe, na kwa lugha gani

Mwezeshaji mzuri si lazima awe na cheo. Mwombe akufundishie watu watano kwa nusu saa kabla hamjapatana bei. Akizungumza dakika ishirini bila kuuliza swali, mshukuru, umwache. Pa kutafuta pako: INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, iko mjini, nayo inaishi kwa michango ya waajiri; kama kampuni yako inalipa mchango huo, nenda uulize mafunzo gani unastahili. ANADEC, wakala wa serikali uliochukua nafasi ya OPEC (ofisi ya Kongo ya biashara ndogo, si ile ya mafuta) mwaka 2020, inasimamia ujasiriamali. Tafuta pia wakufunzi wa GERME, mpango wa Shirika la Kazi Duniani. Vitabu vyake vya mazoezi vimetengenezwa kwa ajili ya wenye biashara ndogo, na vinasomeka.

Lugha ni Kiswahili. Nimeona mara nyingi semina ikianza kwa Kifaransa "kwa heshima," na wanawake wanaoendesha biashara za maelfu ya dola wakainamisha vichwa kama wanafunzi walioshindwa mtihani. Ukibadili ukaingia Kiswahili, mikono inapanda. Lakini karatasi ambazo benki na kampuni zinadai, kama fakture (ankara), devi (makadirio ya bei) na bon de livraison (hati ya kupokea mzigo), zisomwe jinsi zilivyo kwa Kifaransa, mstari kwa mstari, zielezwe kwa Kiswahili. Kumficha mtu Kifaransa cha fakture ni kumwacha atie sahihi asichokielewa.

Kipindi cha fedha: hesabu ya magunia kumi

Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote, na ninakieleza kwa urefu ili uweze kukifanya mwenyewe. Leta unga wa kweli, hata kifuko kimoja, uweke mezani. Bei ninazoandika ni za mfano. Wewe tumia za wiki hiyo, waambie wenyewe wazitaje.

Mama amekwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, amenunua magunia 10 kwa dola 14 kila moja. Dola 140 zimetoka. Sokoni anauza gunia dola 17. Uliza ukumbi: faida ni ngapi? Watajibu haraka, dola 30. Iandike juu ya tablo.

Sasa uliza, unga ulifikaje sokoni? Gari, dola 12. Nani alipakia na kushusha? Vijana, dola 3. Taksi ya soko na mlinzi wa usiku, dola 2. Jumla 17. Futa 30, andika 13. Hapo ukumbi unanyamaza kidogo.

Uliza tena: nyumbani mlikula nini wiki hiyo? Wanacheka, wanajibu, bukari (ugali). Unga ulitoka wapi? Kwenye magunia yale. Basi aliuza 9, siyo 10. Tisa mara 17 ni 153. Toa 140, toa 17. Inabaki hasara ya dola 4.

Usiishie hapo, maana ukiishia hapo mama ataondoka akidhani biashara yake ni mbaya. Chora mstari katikati ya tablo, upande mmoja biashara, upande mwingine nyumba. Gunia lililopelekwa nyumbani liandike kwa nyumba: nyumba inadaiwa dola 17. Biashara sasa imepata 13 kama mwanzo. Biashara ni nzima. Nyumba ndiyo imekula 17 wakati biashara imezalisha 13. Swali linageuka. Halihusu tena kuacha unga, linahusu nyumba ichukue kiasi gani kwa wiki ili magunia kumi yasigeuke tisa, kisha manane. Nimeona mume na mke wakilijadili swali hilo palepale kwa utulivu, kwa sababu kwa mara ya kwanza liko kwenye tablo na halimtaji mtu.

Kanuni ya kwenda nayo nyumbani ni moja: mafundo mawili. Ncha moja ya kitenge ni ya biashara, nyingine ya nyumba. Kwa mwenye depo, makasha mawili. Hakuna kuhamisha bila kuandika mstari kwenye kaye. Kaye iwe na safu chache tu: tarehe, kilichoingia kwa noti, kilichoingia kwa simu, kilichotoka, kilichokwenda nyumbani. Fedha ya M-Pesa na Airtel Money iwe na safu yake, la sivyo jioni hesabu haitakubali. Na anayenunua kwa dola akauza kwa franka aandike pembeni kiwango cha siku hiyo, abadilishe fedha ya mtaji mapema. Franka zikilala wiki nzima ndani ya kasha, hajui ataamka na dola ngapi.

Kaye hiyo ina uzito wa sheria. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria yake ya biashara inamtambua mfanyabiashara mdogo anayeitwa entreprenant, anayejitangaza tu bila kusajiliwa kama kampuni. Inamtaka aandike siku kwa siku fedha imetoka wapi na imekwenda wapi, akitenga iliyolipwa mkononi na iliyolipwa kwa njia nyingine, na kitabu akitunze miaka mitano. Ukiwasomea hilo, kaye inaacha kuwa kazi ya nyumbani ya mkufunzi.

Kipindi cha uongozi: viberiti saba na mjomba

Mihadhara kuhusu sifa za kiongozi bora haijambadilisha mtu yeyote niliyemwona. Watu hujifunza kuongoza kwa kuongoza na kuonyeshwa walichofanya.

Zoezi la kwanza linahitaji viberiti 14. Watu wawili wanakaa wakipeana migongo, kila mmoja na viberiti saba. Mmoja anavipanga apendavyo, kisha anamwelekeza mwenzake kwa mdomo avipange vilevile. Mara ya kwanza, anayepokea haruhusiwi kuuliza. Mara ya pili anaruhusiwa. Nakumbuka shefu mmoja wa ekipe ya ujenzi, mwanaume mwenye sauti nzito, kila mpango ulipoharibika aliongeza sauti: "Weka JUU yake, nimesema!" Alipogeuka akaona viberiti vya mwenzake vimelala chini vyote, alivitazama muda mrefu. "Juu" yake yeye ilikuwa kusimamisha, ya mwenzake ilikuwa upande wa juu wa meza. Akasema, "Na kule kazini mimi huwa nawakata malipo ya siku." Mpe mtu nafasi ya kusema neno kama hilo mwenyewe. Halafu fundisha: agizo fupi, mfano mmoja, kisha aliyeagizwa arudie kwa maneno yake.

Zoezi la pili ni kusahihisha. Kijana wa depo, kasha lake limepungua franka 20,000. Igizeni mara mbili: mara ya kwanza bosi anauliza mbele ya wateja, mara ya pili nyuma ya depo, na anaanza kwa kuhesabu pamoja naye. Waulize wote wawili walihisi nini. Mara nyingi katika igizo la pili inagunduliwa kwamba mtu mwingine alichukua fedha bila kuandika, na mtu huyo ni bosi mwenyewe.

La tatu ni gumu zaidi kwa mila zetu. Mjomba amekuja dukani kuchukua bidhaa kwa deni, na deni la zamani hajalipa. Mwenye duka hawezi kumkatalia mkubwa wake kama anavyomkatalia mpita njia. Waache wajaribu majibu mbalimbali, wacheke, wakosee. Jibu lililopendwa zaidi katika vikundi vyangu lilitoka kwa mama wa Katuba: "Mjomba, karibu, kaa. Mali hii si yangu peke yangu, ina kaye yake. Lakini katika fundo langu la nyumba nina kiasi hiki, chukua." Heshima imebaki, mtaji umebaki, na mafundo mawili yamepata kazi nyingine.

Karatasi, kwa ufupi

Nusu saa inatosha, na mlete mtu anayejua ofisi husika. Muuzaji mdogo anahitaji kuelewa patente (kodi ya biashara ndogo). Anayekua aelekezwe Guichet Unique, ofisi ya kusajili biashara, ajisajili. Wanawake walioolewa waambiwe wazi kwamba sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia iliondoa ile ruhusa ya mume iliyokuwa ikidaiwa kabla mke hajafanya biashara. Kwa kampuni ndogo zinazotaka kazi za migodi, sheria ya Februari 2017 inazitengea kazi za sous-traitance (kazi ambazo kampuni kubwa inazipa kampuni nyingine kwa mkataba) kampuni zenye mtaji ambao sehemu yake kubwa ni ya Wakongo, na ARSP, mamlaka ya serikali ya kazi hizo, ndiyo inayosimamia. Lakini kampuni kubwa itaomba devi safi na hesabu zinazosomeka, kwa hiyo tumerudi kwenye kaye.

Miezi mitatu baada

Siku ya mwisho usigawe breve. Gawa tarehe. Kila mshiriki aondoke na siku tatu zilizoandikwa: baada ya wiki mbili, baada ya wiki sita, baada ya miezi mitatu. Waambie mapema kwamba utakuja kuona kaye na mafundo, hutakuja kukagua utajiri wao.

Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza mwaka 1959 ngazi nne za kupima mafunzo: walipenda? walijifunza? wamebadili wanavyofanya? kazi imepata nini? Fomu ya siku ya mwisho inagusa ngazi ya kwanza tu, na watu wetu ni waungwana, wataandika "muzuri sana." Ziara ya wiki mbili inapima ya tatu: fungua kaye, hesabu siku zilizoandikwa kati ya 14. Zikiwa tano, usikemee. Uliza siku ya sita ilikuwaje. Karibu kila mara kuna jibu: mtoto aliugua, kalamu ilipotea, mjomba alikuja. Tafuteni dawa ya jambo hilo moja, uondoke. Dakika ishirini zinatosha.

Ziara ya miezi mitatu inapima ya nne. Rudia yale maswali matatu ya mwanzo kwa maneno yaleyale: jana ulipata faida kiasi gani, umejuaje, nini kinakunyima usingizi. Weka majibu mapya kando ya yale ya zamani, mkayasome pamoja. Aliyekuwa anasema "labda dola 10, nahisi tu" na leo anafungua ukurasa kabla ya kujibu, mpe breve yake pale mezani, mbele ya wateja wake.

Wawili wenye kaye zilizojaa zaidi waalike wafundishe semina ijayo, na uwalipe kama wawezeshaji. Wape kipindi cha magunia kumi. Bei watazileta wenyewe, za wiki hiyo.